Nani Mwenye Haki ya Kukukosoa

Siku hizi ni kawaida kumsikia mtu akisema dini haiokoi. Anayesema anaweza kuwa mhubiri wa mkutano wa injili Dodoma au Nakuru, akiwaambia waliokusanyika kwamba wamezeekea katika madhehebu bila kumjua Mungu. Anaweza pia kuwa msomi aliyechoshwa na michango isiyoisha na ugomvi wa baraza la wazee au kamati ya msikiti, akaamua kwamba yeye na Muumba wake wanatosha. Wawili hawa hawaelewani katika mengi, lakini hapa wameungana: imani ya kweli inakaa moyoni, na taasisi yenye vyeo, majengo, kalenda na daftari la waumini ni ganda tu, tena mara nyingine ganda linalobana. Dai hili lina ukweli wa kutosha hata lisiweze kupuuzwa. Nataka kulipima, na nitalipima kwa kumbukumbu za watu waliopita njia hiyo wenyewe, walioandika au kusimulia jinsi walivyoihama dini ya mazoea wakamtafuta Mungu kwa nafsi zao. Vitabu vya mafundisho hutuambia mtu anapaswa kuamini nini. Kumbukumbu, hata pale mwandishi anapojipamba, humsaliti: tunaona alimwogopa nani, alikwenda kwa nani kuomba shauri, na nani alimwambia hapana. Kwa kuzisoma kwa jicho hilo, nimefikia kuamini kwamba mpaka tunaouchora kati ya dini ya kundi na imani ya mtu binafsi umechorwa mahali pasipo pake. Jambo lenye uzito ni kama yupo mtu mwenye haki ya kuikosoa imani yako, nawe ukalazimika kumsikiliza. Anaweza kuwapo ndani ya taasisi au nje yake, na anaweza kukosekana kote kuwili.

Nianze na Victorinus. Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika Maungamo yake mwishoni mwa karne ya 4, akiwa tayari askofu wa Hippo. Katika kitabu cha nane anasimulia jinsi alivyokuwa Milano mwaka 386, akili yake imeshaukubali Ukristo lakini maisha yake yamegoma, akaenda kumwona padre mzee aitwaye Simplicianus. Mzee hakumpa hoja, alimpa kisa. Palikuwa na Marius Victorinus, mwalimu wa ufasaha mjini Roma, naye mzaliwa wa Afrika, msomi aliyeheshimiwa hata akasimamishiwa sanamu hadharani. Victorinus aliyasoma Maandiko kwa makini, kisha akawa anamwambia Simplicianus kwa siri kwamba yeye tayari ni Mkristo. Simplicianus alimjibu kwamba hataamini mpaka amwone kanisani. Victorinus akamtania, akamuuliza kama kuta ndizo zinazomfanya mtu awe Mkristo. Mazungumzo hayo yalirudiwa mara nyingi, na utani ukawa uleule. Mtu wa leo anayesema kwamba Mungu haishi katika majengo anauliza swali la Victorinus, na si vibaya ajue kwamba limeulizwa zamani na mtu mwerevu kuliko wengi wetu.

Augustino haachi kisa kwenye utani. Anaeleza kilichokuwa nyuma yake: Victorinus aliwaogopa rafiki zake, wakubwa wa Roma walioshikilia miungu ya zamani, na hakutaka kuwaudhi. Imani yake ya moyoni ilikuwa ya kweli na wakati huohuo ilikuwa maficho. Hakuna ambaye angeweza kumwonyesha hilo isipokuwa mtu wa nje, tena mtu mmoja aliyekataa kulegeza sharti lake kila alipochezewa kwa maneno. Hatimaye Victorinus aliona aibu ya kujificha kuwa kubwa kuliko aibu ya kuonekana. Mapadre wakampa nafasi ya kuikiri imani faraghani, kama walivyofanyiwa wenye haya, naye akakataa, akapanda mahali pa juu na kusema mbele ya watu wote. Mtu anaweza kusema kwamba alijiunga tu na upande wenye nguvu, maana mfalme wa wakati ule alikuwa Mkristo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama usingekuja mwaka 362. Mfalme Julian, aliyeirudia miungu ya zamani, alipiga marufuku Wakristo kufundisha fasihi na ufasaha, na Victorinus akaiacha kazi iliyompa sanamu. Imani ya siri isingemgharimu chochote siku ile. Angeendelea kufundisha, na dhamiri yake ingempa sababu nzuri za kuendelea, kwa kuwa dhamiri ya msomi haikosi sababu.

Kumbukumbu ya pili inaelekea kusema kinyume, ndiyo maana ina faida zaidi. Imam Abu Hamid al-Ghazali alikuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, kilele cha taasisi ya elimu ya Kiislamu ya zama zake, cheo alichokipata mwaka 1091. Katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu kifupi alichokiandika karibu na mwisho wa maisha yake, anasema aliichunguza nia yake ya kufundisha akakuta haikuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ilikuwa kutafuta jina. Kwa takriban miezi sita tangu Rajabu mwaka 488 Hijria, yaani Julai 1095, leo aliazimia kuondoka na kesho akaghairi, mpaka ulimi ukamgomea darasani na chakula kikakataa kupita. Waganga walipomshindwa, aligawa mali akabakiza ya kuwatosha watoto, akatangaza kwamba anakwenda Makka ilhali moyoni amekusudia Sham. Huko Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mlango mchana kutwa. Akaenda Jerusalem, akahiji, akaishi kwa kujitenga kiasi cha miaka kumi. Kama kuna mtu aliyeihama dini ya vyeo ili aitafute ya moyo, ni huyu, na sijui mwingine ambaye aliueleza ugonjwa wa ria, yaani ibada ya kujionyesha, kwa ukali kama wake, akiwa yeye ndiye mgonjwa.

Hata hivyo, tazama anachokikataa katika kitabu hichohicho. Wapo Mabatini, waliofundisha kwamba ukweli haupatikani ila kwa imamu asiyekosea, ambaye kazi ya mfuasi ni kumpokelea tu. Ghazali anawavunja hao kwa kurasa nyingi, kwa kuwa wameifanya taasisi kuwa kitu kisichoulizwa. Wapo pia wanaodai kwamba wamefika daraja ambayo sala na sheria hazina kazi tena kwao. Hao nao anawakataa, kwa kuwa wameifanya nafsi yao kuwa kitu kisichoulizwa. Anayatia makundi mawili yaliyo mbali kabisa katika kapu moja, na kosa analowahesabia linafanana. Kisha anafika mahali ambapo wasomaji wa leo wanaompenda kwa ajili ya mnara wa Damascus hupaharakisha: alirudi. Mwaka 1106, alipoitwa na waziri Fakhr al-Mulk afundishe Nishapur, aliona kujitenga kwake kumeshageuka kuwa raha na kinga dhidi ya maudhi ya watu. Hakuamua peke yake. Aliwataka shauri watu aliowaamini kuwa na nyoyo zilizo macho, nao wakakubaliana kwamba aondoke katika faragha. Miaka yake ya mwisho aliishi Tus kati ya madrasa na zawia ya masufi. Faragha ya miaka kumi ilimpa kitu ambacho Baghdad ilishindwa kumpa, sibishi. Lakini aliyetambua kwamba faragha hiyo imeanza kuoza alikuwa ni mtu ambaye bado alikuwa na watu wa kuwauliza.

Pwani yetu imeliona jambo hili kwa sura yake. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyefariki mwaka 1935, alipohamia Lamu aliwafundisha watumwa, wazao wao na watu wa tabaka la chini elimu ambayo waungwana wa mji waliiona kuwa yao, na akaruhusu matari katika maulidi ya Mtume. Ilikuwa dini ya mapenzi zaidi ya nasaba, na wakubwa hawakuifurahia. Leo Riyadha, msikiti na chuo alichokianzisha, ndiyo taasisi inayojulikana kuliko zote Lamu, na maulidi yale yamekuwa desturi yenye ratiba, wageni na kamati. Kuna wanaoona hapo kushindwa, moto uliogeuka jiwe. Mimi naona kwamba mtoto wa mtumwa asingenufaika chochote na mapenzi ya Habib kwa Mtume kama yangebaki kifuani mwa Habib. Alihitaji mahali pa kukaa, mwalimu wa kumsikiliza akikosea, na watu wa kushuhudia kwamba amehitimu.

Mfano unaotuhusu kwa karibu zaidi ni wa walokole. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akitumika katika hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wote wawili walikuwa Waanglikana, na wote walikuwa na kiu ambayo ibada za kila Jumapili hazikuwa zimeituliza. Walisoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku mbili. Kutoka hapo, na kupitia Gahini, ambako Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa akifundisha, uamsho ulivuka Uganda ukafika Kigezi, Bukoba, Kenya na mbali zaidi. Malalamiko yao ni yaleyale ya mhubiri wa leo: kanisa limejaa watu waliobatizwa, wenye majina ya Kikristo na kadi za ushirika, ambao wanaiba, wanalewa na kudhulumu bila kusumbuka. Kigozi alijifungia kibandani kwa juma zima la maombi mwaka 1935, akatoka akihubiri toba kwa ukali. Alifariki Januari 1936, kabla ya kufikisha mbele ya sinodi ujumbe wake kwamba kanisa liamke.

Angalia walichokifanya baada ya kuikataa dini ya mazoea. Walikutana kila juma, na katika mikutano hiyo ushuhuda ulikuwa na utaratibu wake. Mtu alisimama akasema alikuwaje, aliona nini, ameiba nini na kwa nani, amekirudisha au bado, na leo hii yuko wapi na Mungu. Historia yake ilikuwa yake mwenyewe, lakini namna ya kuisimulia aliifunzwa na wenzake, na wenzake walijua pale anaporuka jambo. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 juu ya uamsho huu, anaonyesha jinsi walokole walivyokuwa watu wa kuyasimulia maisha yao kwa undani, na jinsi hilo lilivyowakera machifu na wazee waliotaka siri za nyumba zibaki nyumbani. Hapa ndipo pana ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwa hoja yangu. Katika kanisa la kikoloni hapakuwa na ngazi ambayo Mwafrika asiye na daraja takatifu angeipanda amwambie mmisionari kwamba ana kiburi. Katika ushirika wa walokole alimwambia, na wamisionari kadhaa, Church akiwa mmoja wao, walitubu hadharani mbele ya Waafrika katika miaka ya 1930, wakati ambapo nje ya mlango ule mzungu hakuomba msamaha kwa mtu mweusi. Imani ya moyoni peke yake isingeleta hilo. Wazungu waliomwamini Mungu kwa dhati walikuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni mahali ambapo haki ya kukosoa haikufuata cheo wala rangi.

Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Askofu Tucker, Mukono, kiliwafukuza wanafunzi 26. Waliamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, waliwashutumu walimu kwa mafundisho waliyoyaona kuwa ya uvuguvugu, na walipokatazwa hawakutii. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye hakupata kuwekewa mikono ya uchungaji maisha yake yote. Kwa mantiki ya dini haiokoi, huu ndio ulikuwa wakati wa kuondoka. Walikuwa na viongozi, wafuasi, nyimbo na sababu. Wengi hawakuondoka. Nagenda alihubiri Afrika Mashariki nzima na ng'ambo akiwa muumini wa kawaida wa kanisa lililomfukuza chuoni, na askofu alitafuta mapatano badala ya kuwatoa nje. Sidhani kwamba ni woga wala mazoea. Walilikosoa kanisa, nao wakakubali kubaki mahali ambapo kanisa liliweza kuwakosoa wao, jambo ambalo mwanzilishi wa dhehebu jipya huliepuka kwa sahihi moja ya katiba.

Pingamizi la kwanza linakuja hapa, tena lina haki. Ushirika wa namna hiyo unaweza kuwa mateso. Yapo mambo ya ndoa yaliyotajwa hadharani na kumwumiza mtu ambaye hakuwapo wala hakuulizwa. Ipo tabia ya kupimana kwa mavazi, kwa deni, kwa mkopo wa benki, na kumwita mtu aliyepoa kila asipokubaliana na wazee wa ushirika. Walokole wenyewe waligawanyika. Nyanza, mzozo kati ya wenye uamsho na wenzao ulizaa Kanisa la Kristo katika Afrika chini ya Matthew Ajuoga mwishoni mwa miaka ya 1950, na Uganda kundi la walioitwa Abazukufu liliwashutumu ndugu zao kwa kulala tena. Anayekimbia macho ya namna hiyo simlaumu. Lakini analokimbia, ukilichunguza, ni kukosolewa na watu ambao wao wenyewe wamekoma kukosolewa. Wazee walipofika mahali pa kuuliza bila kuulizwa, ushirika ulikuwa umeshakufa ukiwa bado unaimba.

Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, na jina lake ni Tolstoy, mwandishi wa Urusi. Ungamo lake, lililozuiwa Urusi likachapishwa Geneva mwaka 1884, ni kumbukumbu ya mtu mashuhuri aliyefikia ukingo wa kujiua, akaokolewa na imani aliyoiona kwa wakulima, kisha akashindwa kuvumilia kanisa lao. Aliziandika upya Injili nne kuwa moja, akaondoa miujiza, akabakiza mafundisho. Sinodi ya Kanisa la Urusi ilimtenga mwaka 1901. Katika ugomvi ule, juu ya vita, adhabu ya kifo na kanisa kuyabariki majeshi, mimi nasimama na Tolstoy bila kusita, na nadhani wengi wetu tungesimama naye. Pesa za riwaya yake ya Ufufuo zilisaidia Wadukhobor, wakulima waliokataa kubeba silaha, kuhamia Canada mwaka 1899, watu zaidi ya 7,000. Hakuna mjumbe wa Sinodi aliyefanya lenye kulingana na hilo. Basi huyu ni mtu asiye na kanisa, asiye na shekhe wala padre, aliyewashinda wenye dini kwa matendo. Anayetaka kuangusha hoja yangu aanzie hapa.

Ninaloweza kujibu ni hili. Kwanza, Wadukhobor aliowasaidia walikuwa jumuiya yenye desturi na nidhamu kali, na nguvu yao ya kukataa bunduki ilitoka humo. Mmojammoja wangepelekwa jeshini. Pili, maisha ya Tolstoy mwenyewe nyumbani Yasnaya Polyana yanaonyesha bei aliyolipa. Aliihukumu mali, akaiandikisha kwa mke na watoto, akaendelea kuishi ndani yake akijichukia, na kwa miaka thelathini hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia neno akalipokea. Mke wake Sofia aliyaona mengi, na shajara zake zinaonyesha hivyo, lakini alikuwa adui ndani ya nyumba. Wafuasi, wakiongozwa na Chertkov, walikuwa wafuasi. Mwishoni mwa Oktoba 1910 kwa kalenda ya Urusi, akiwa na miaka 82, alitoroka usiku. Kituo chake cha kwanza kilikuwa monasteri ya Optina, ambako waliishi wazee wa kiroho waliokuwa wakiendewa na Urusi nzima kwa ushauri. Alitembea karibu na makao yao, hakubisha hodi, akaenda kwa dada yake Maria, aliyekuwa mtawa. Siku chache baadaye alikuwa mahututi katika kituo cha reli cha Astapovo. Mzee mmoja wa Optina alitumwa kwake, na waliomzunguka wakakataa asiingie. Mke wake naye walimzuia mpaka mgonjwa alipopoteza fahamu. Hatujui angesema nini na mzee yule, pengine wangegombana na angekufa bila kubadili herufi moja. Ila waliomlinda mtu asiye na kanisa walikuwa tayari wamemjengea geti lenye mabawabu.

Wengine watanikatiza na kutaja Kanungu na Shakahola. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la kurejesha Amri Kumi waliteketea ndani ya jengo lao la ibada kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Misiba hii hutolewa kama ushahidi dhidi ya dini ya kundi, na kwa nje inafanana nao: viongozi, kanuni, mali ya pamoja. Lakini tazama chanzo. Kundi la Kanungu lilianza na watu waliodai kutokewa na Bikira Maria, ufunuo wa mtu binafsi kabisa, wakalihama kanisa Katoliki ambalo lingewauliza maswali. Wafuasi waliishi kwa kunyamaza, wakiwasiliana kwa ishara. Ni vigumu kufikiria utaratibu unaofaa zaidi kwa kuzuia swali. Msituni Shakahola watu walitolewa shuleni, hospitalini na kwenye koo zao kabla ya kutolewa uhai, yaani waliondolewa kwanza kwa kila mtu ambaye angewaambia hapana. Sauti ya ndani ya mtu mmoja iliwekwa mahali ambapo haikuweza kupingwa, kisha ikapewa kundi la kuitii. Kuiita misiba hii kosa la dini yenye utaratibu ni kuangalia mwili bila kuangalia jeraha.

Jibu hili halinipi ushindi, kwa sababu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yapo. Rwanda ilikuwa mojawapo ya nchi zenye Wakristo wengi zaidi barani, yenye dayosisi, seminari na sinodi, yaani kila chombo cha kukosoana ambacho nimekuwa nikikisifu. Uamsho wenyewe uliwakia Gahini. Na watu waliuawa ndani ya makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyange, baadhi wakiuawa na washirika wenzao. Utaratibu ulikuwapo, lakini ulikuwa umekwisha kupoteza kazi yake, kwa kuwa viongozi wa makanisa makubwa walikuwa wamekaa miaka mingi mezani pa watawala. Askofu mkuu wa Kigali aliwahi hata kuwa mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Waislamu wa Rwanda, jumuiya ndogo iliyowekwa pembeni na dola, wamesifiwa na wengi kwa kuwaficha waliokuwa wakiwindwa. Jumuiya yao nayo ilikuwa na utaratibu, ila haikuwa na kiti cha kupoteza.

Linganisha na Uganda, Februari 1977. Janani Luwum, askofu mkuu wa Waanglikana na mlokole tangu 1948, alipekuliwa nyumbani na askari wa Idi Amin. Angeweza kuomba na kunyamaza, na imani yake ya moyoni isingepungua. Maaskofu walikaa pamoja wakaandika barua kumlaumu rais kwa mauaji na uonevu wa askari wake. Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, naye mlokole, alivuka milima kwa miguu pamoja na mke wake akaingia Rwanda, kisha akaandika kitabu akieleza kwa nini anampenda Idi Amin. Barua ile ilihitaji vitu viwili. Ilihitaji watu waliozoea kuambiana ukweli usiku katika vikundi vya sebuleni, na ilihitaji ofisi yenye muhuri ambayo hata dikteta hawezi kudai hakuiona. Uamsho ulileta cha kwanza, taasisi ikaleta cha pili, na sioni jinsi kimoja kingefanya kazi ya kingine.

Anayesema leo kwamba ana imani bila dini anastahili kuulizwa kwa heshima swali la Simplicianus, lakini nitaligeuza kidogo. Sina haja ya kumwona kanisani wala msikitini. Naomba tu aniambie jina la mtu mmoja ambaye, akimwambia hapo umepotoka, atalala akilifikiria. Ikiwa yupo, basi ana ushirika, hata kama unakutana chini ya mwembe. Ikiwa hayupo, hana tofauti na mhubiri wa mitandaoni ambaye yeye mwenyewe humcheka, anayesema na watu laki moja na hasemeshwi na hata mmoja. Muumini wa dhehebu kubwa naye aulizwe kwa upande wa pili: je, mchungaji au shekhe wako amewahi kukubali kukosolewa na asiye na cheo, na kilimpata nini aliyekosoa?

Serikali zimeanza kujitolea kuifanya kazi hii ya ukosoaji. Rwanda ilifunga makanisa zaidi ya 700 mjini Kigali mapema mwaka 2018, na sheria iliyopitishwa mwaka huohuo inawadai viongozi wa madhehebu elimu ya chuo katika mambo ya dini. Kenya nayo, baada ya Shakahola, imekuwa ikijadili udhibiti wa wahubiri. Naelewa hofu iliyozaa hatua hizo, na jengo linaloweza kuwaangukia watu lifungwe. Ila mkaguzi huona choo, kelele na cheti. Hawezi kumuuliza mhubiri ndoto yake imetoka wapi, wala mkewe, wala waliomkopesha. Isitoshe, kasisi aliyejiunga na viongozi wa Kanungu, Dominic Kataribabo, alikuwa msomi wa theolojia aliyesomea mpaka ng'ambo. Kwa kipimo cha cheti angepita. William Nagenda, aliyefukuzwa Mukono kabla ya kumaliza masomo, angezuiwa mlangoni.